Shajara ya mradi: kikagua tahajia cha Kiswahili, kutoka orodha hadi kanuni

Januari, juma la pili

Kikao cha kwanza kimefanyika mtandaoni, usiku, baada ya watu kutoka makazini. Tumekutana watu wa Tanga, Mombasa na Nairobi kwenye saa tatu yetu, mwenzetu wa Bukavu kwenye saa mbili yake, na mmoja aliyeko Muscat ambaye kwake ilikuwa saa nne na watoto wamelala. Kazi tuliyokubaliana ni moja tu: kutengeneza faili mbili za Hunspell zinazokijua kitenzi cha Kiswahili, ili mtu akiandika "hatutawapigia" asichorewe mstari mwekundu kana kwamba ameandika upuuzi.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuijua Hunspell: ni programu huria ya kukagua tahajia, iliyoandikwa na László Németh wa Hungaria juu ya msingi wa MySpell ya Kevin Hendricks. Ndiyo inayofanya kazi ndani ya LibreOffice, Firefox, Thunderbird na Chrome, kwa hiyo ukitengeneza mara moja umewatengenezea wengi. Kihungaria kimejaa viambishi, na orodha ya kawaida ya maneno isingekitosha kamwe. Kwa bahati nzuri kilichomsumbua Mhungaria ndicho kinachotusumbua sisi, ila cha kwao kiko mkiani mwa neno na chetu kiko kichwani. Kila lugha inaletewa faili mbili za maandishi matupu: .dic yenye maneno na .aff yenye kanuni za viambishi. Huhitaji kujua C++ wala kuwa na kompyuta ya maana.

Hatuanzi jangwani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kwenye mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, wakati wengi wetu tulikuwa hatujagusa kipanya. Na kamusi ya sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania, imo kwenye hazina ya LibreOffice kwa miaka mingi. Tunachotaka kuongeza ni kanuni, pale orodha inapofika mwisho wa uwezo wake.

Leseni tumeimaliza kwa dakika chache, jambo ambalo si la kawaida katika miradi ya namna hii. Tumefuata zile tatu za Hunspell yenyewe: GPL, LGPL na MPL, anayetumia achague inayomfaa.

Januari, mwishoni

Maneno yanamiminika. Kila anayejiunga anakuja na orodha, na kila orodha ni ya nomino. Mwenzetu wa Mombasa ameleta samaki (changu, tasi, kolekole, nguru, pono) kisha akaendelea na vyombo vya bahari: foromali, mlingoti, demani, joshini. Ni orodha nzuri, nimeisoma kwa raha. Lakini nomino za Kiswahili hazitupi taabu. "Nguru" ni nguru, akiwa mmoja au mia. Hata "mlingoti" na "milingoti" ni mistari miwili tu kwenye faili, imekwisha.

Hakuna hata mmoja aliyeleta kanuni ya kitenzi. Naiandika hapa sasa ili tuitazame tena baadaye: msaada unaelekea palipo rahisi. Si uvivu. Orodha ya samaki mtu anaiandika kwenye daladala, kanuni ya .aff inataka akae chini.

Februari, juma la kwanza

Siku ya hesabu. Mwalimu wetu wa Tanga, aliyefundisha sarufi sekondari mpaka akastaafu, ametukalisha na kutuhesabia kitenzi.

Viambishi vya mtenda, ukiviangalia kwa umbo tu bila kujali ngeli, ni 14: ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa. ("Mu" ya mahali tumeiweka kando kwa sasa.) Njeo na hali za kuanzia ni 8: na, li, ta, me, ki, ka, nge, ngali. 14 mara 8, tuna 112. Vibandike virejeshi 10 (ye, o, cho, vyo, lo, yo, zo, po, ko, mo) kwenye na, li na taka, unapata 420. Ukanushi wa ku, ta na ja ni 42. Ukanushi wa nge na ngali kwa "si", kama nisingekuja, ni 28. Virejeshi vya ukanushi, asiye- na kisicho- na ndugu zao, ni 140. Jumla 742.

Kisha kila moja kati ya hizo inaweza kufuatwa na kiambishi cha mtendwa, navyo ni 14 vingine ukihesabu na "ji". 742 mara 14 ni 10,388. Hayo ni maumbo ya kitenzi kimoja kikiwa na mtendwa, kabla hujagusa kutendea, kutendwa wala kutendeshwa. Hapo ndipo kijana wetu wa Nairobi, aliyekuwa na mpango wa kuzalisha maumbo yote kwa skripti (programu fupi) na kuyamwaga kwenye .dic, alipokaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo faili haitafunguka."

Februari, katikati

Suluhisho lipo, na ni neno moja kwenye kichwa cha .aff: COMPLEXPREFIXES. Kwa kawaida Hunspell inavua kiambishi awali kimoja na viambishi tamati viwili. Ukiandika neno hilo inageuka: awali viwili, tamati kimoja. Kwa lugha yetu huo ni ukombozi nusu. Vipande vyetu vya mbele ni zaidi ya viwili, lakini ukivifunga katika mafungu mawili, mtenda pamoja na njeo upande huu na mtendwa upande ule, vinatosha. "Hatutawapigia" inavuliwa "hatuta", inavuliwa "wa", linabaki shina "pigia". Badala ya maumbo 10,388 tunaandika mistari 742 ya kundi A na 14 ya kundi B. Mistari 756, na inatumika kwa vitenzi vyote.

Mstari mmoja wa kundi B unaonekana hivi:

PFX B 0 wa/A .

Usomwe polepole. PFX ni kiambishi awali, B ni jina la kundi. Sufuri inasema usikate kitu kwenye shina. "Wa" ndicho kinachobandikwa. A iliyo baada ya mkwaju inasema kwamba mbele ya hiyo "wa" kunaweza kukaa chochote cha kundi A. Nukta ya mwisho: shina lolote. "M" ndiyo inayotaka mistari miwili, kwa sababu mbele ya irabu inakuwa "mw":

PFX B 0 m/A [^aeiou]
PFX B 0 mw/A [aeiou]

Hapo tumepata anampenda na anamwambia. Mwenzetu wa Muscat akauliza vipi "anamuona", maana yeye hajawahi kuandika "anamwona" maishani mwake. Tumeongeza mstari wa tatu.

Gharama yake ni hii: kwa kuwa sasa tuna tamati moja tu, kauli zote lazima ziingie kwenye .dic kama mashina yanayojitegemea. Piga, pigia, pigiwa, pigwa, pigana, pigisha, kila moja mstari wake. Skripti inaweza kuyapendekeza, kwa sababu ulinganifu wa irabu hauna siri: mzizi wenye e au o unachukua e (somea, pendea), mingine inachukua i (pikia, katia). Lakini skripti haijui kwamba kitenzi fulani hakina kutendana kinachoeleweka. Kila pendekezo linahitaji mtu wa kusema ndiyo au hapana, na hiyo kazi inafanana na kuchambua mchele: huwezi kuigawia mashine, na ukiifanya kwa haraka, jino litakuambia.

Machi, mwanzoni

Limeingia ombi la kuunganisha mchango, kubwa kuliko yote tangu tuanze. Mchangiaji mpya, mwenye adabu na ari, ameleta maelfu ya maneno kwa mpigo. Tumefurahi kwa muda wa kama robo saa.

Kisha Mwalimu akaandika: "Tazameni herufi ya K." Tukatazama. Kulikuwa na kaa1, kaa2, kaa3. Namba hizo ndizo kamusi za vitabu zinazoweka kutofautisha maneno yenye umbo moja: kaa wa baharini, kaa la moto, kaa kitako. Mtu anayekusanya maneno kichwani mwake haandiki kaa3. Orodha ilikuwa imenakiliwa kutoka kitabu kinachouzwa madukani, chenye haki zote za mchapishaji.

Mchangiaji hakuficha. Alidhani neno ni la watu wote, na kwa hilo ana haki: "kaa" si mali ya mtu. Lakini uteuzi wa maneno yapi yaingie, mpangilio wake na kazi ya kuyakusanya, hapo mchapishaji ana la kusema, na sisi hatuna wakili. Tumeikataa orodha nzima, pamoja na maneno ambayo kila mmoja wetu anayajua tangu utotoni. Imeniuma. Lakini kwenye mradi huria, mstari mmoja usiojulikana ulikotoka unaichafua faili yote: anayekuja kuichukua miaka kumi ijayo hana namna ya kujua upi ni upi.

Kuanzia leo kila mchango unatiwa saini ya Signed-off-by. Ni utaratibu ambao Linux iliuanzisha mwaka 2004, kipindi kampuni ya SCO ilipokuwa mahakamani ikidai msimbo wake umeingizwa humo. Mchangiaji anathibitisha kwamba alicholeta ni chake au ana haki ya kukitoa. Kwenye Git, programu tunayotunzia faili na historia ya mabadiliko yake, ni herufi moja tu: git commit -s. Hakimzuii mwongo, lakini kinamfanya mkweli asimame kidogo na kujiuliza.

Machi, mwishoni

Wenzetu wengine wanauliza kwa nini maombi yanakaa wiki nzima bila kujibiwa. Jibu ni kwamba wanaoleta ni wengi na wanaokagua ni wawili, mimi na Mwalimu, na Mwalimu ana mashamba. Hupenda kusemwa kwamba macho mengi humaliza hitilafu zote. Macho tunayo. Ya kusoma mstari wa .aff ni manne.

Tumebadilisha utaratibu: anayeleta maneno hamsini anakagua hamsini ya mwenzake kabla ya yake kuingia. Wawili wamelalamika. Mmoja kati yao amegeuka mkaguzi mkali kuliko mimi.

Aprili, juma la pili

Mjadala wa hange-. Nauweka karibu kamili kwa sababu utarudi.

Kijana wa Nairobi alifungua suala: "hangekuja" inapigwa mstari mwekundu.

Mwalimu akajibu: "Inapigwa kwa sababu sanifu ni asingekuja."

"Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, huku kwetu hangekuja ndiyo tunayoiandika. Iko magazetini, iko kwenye insha za watoto, na walimu wanaipitisha."

"Marahaba, mwanangu. Magazeti nayasoma. Lakini faili inaitwa sw_TZ."

"Basi tufungue sw_KE."

Kukawa na ukimya wa siku mbili hivi. Kufungua faili ya pili kunaonekana jambo dogo, kumbe ni kuugawa mradi. Vitenzi ni vilevile, mashina ni yaleyale, kanuni 742 ni zilezile, halafu kila marekebisho yafanywe mara mbili na watu wawili ambao tayari hawatoshi. Mwenzetu wa Mombasa ndiye aliyetoa hoja iliyomaliza. Alisema kazi ya kikagua tahajia ni kumkamata aliyeteleza, si kumfundisha lahaja. Mtu wa Eldoret anayeandika hangekuja hajateleza, ameandika alichokusudia.

Mwalimu amekubali, kwa sharti kwamba hange- isitokee kwenye mapendekezo ya anayeandika asinge-. Tumeongeza mistari 28, kundi A sasa ni 770. Faili moja, itakayosajiliwa kwa sw-TZ na sw-KE kwa pamoja.

Kwa maoni yangu hii ndiyo siku mradi ulipoanza kweli. Kanuni zenyewe mtu mmoja mwenye subira angeweza kuziandika peke yake. Hili asingeliweza. (Au hangeliweza.)

Aprili, mwishoni

Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, kung'aa: zote nyekundu kwa baadhi ya watumiaji, zote sawa kwa wengine. Sababu si sarufi. LibreOffice na simu nyingi hukigeuza kile kijialama kilichonyooka kuwa kilichopinda bila kukuuliza, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Dawa ni mistari miwili kwenye .aff:

ICONV 1
ICONV ’ '

Yaani kabla ya kukagua, kilichopinda kinyooshwe. Imechukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii.

Mei

Tulihitaji kujua maneno gani yanatumika zaidi ili tuyakague kwanza. Tumechukua nakala ya Wikipedia ya Kiswahili, ambayo Wikimedia huitoa wazi kwa yeyote apakue, tukahesabu. Tumeitumia kupanga zamu ya ukaguzi tu, hakuna kilichonakiliwa kuingia kwenye .dic.

Matokeo yalituchekesha. Miongoni mwa maneno yaliyokuwa juu kabisa: kata, mkoa, wilaya, wakazi, wapatao, waishio, humo. Wanaoijua Wikipedia yetu wameshaelewa. Kuna makala nyingi mno za kata za Tanzania zilizoandikwa kwa kiolezo kimoja, kwamba wakati wa sensa ya 2012 kata ilikuwa na wakazi wapatao kadhaa waishio humo. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, Mswahili wa kawaida anaamka asubuhi, anasema "waishio humo", anarudi kulala.

Lakini kiolezo hicho kilitusaidia. "Waishio" na "wapatao" zilikuwa nyekundu kwetu. Kanuni 770 zilikuwa na kirejeshi chenye njeo (wanaoishi, walioishi, watakaoishi) na kirejeshi cha ukanushi (wasioishi), ila hazikuwa na kirejeshi kisicho na njeo, kile kinachokaa mwishoni: aendaye, kisemacho, wapatao. Hiki kinataka tamati, na tamati moja ndiyo iliyobaki kwenye mfuko wetu. Tumeitumia hapo. Kwa hiyo wanakijiji wasiojulikana wa kata zote za Tanzania wameingia kwenye kanuni zetu kupitia sensa.

Kwa sentensi za kujaribia tumehamia Common Voice ya Mozilla, ambayo ina Kiswahili na data yake iko chini ya CC0: hakuna masharti, hakuna wa kuuliza. Na sentensi zake ni za watu kusoma kwa sauti, si za kiolezo.

Juni, juma la kwanza

Vitenzi vya silabi moja. Nilikuwa naviahirisha.

La, nywa, ja, fa, pa na wenzao ni vichache, lakini ndivyo tunavyovitumia kutwa. Shida ni ile "ku" inayoingia na kutoka. Anakula, alikula, atakula, amekula, angekula: ipo. Akila, akala, hajala, hali: haipo. "Hakula" inayo, lakini hiyo ni ku ya wakati uliopita, si ileile. Halafu ukiweka mtendwa, ku inaondoka: anakula, lakini nyama anaila. Na "pa" haisimami bila mtendwa hata kidogo: anampa, anawapa, basi.

Mwanafunzi mmoja aliyejiunga mwezi uliopita, na ambaye mpaka sasa alikuwa kimya akisoma tu, ameleta pendekezo zuri kuliko nililokuwa nalo mimi. Andika mashina mawili: "kula" lenye kikundi kidogo cha A bila B kabisa, na "la" lenye B pamoja na ki, ka, ja na ukanushi. Yote mawili yakae jirani kwenye faili, na maelezo juu yake ya nani anakwenda na nani. Tumelijaribu kwa amri ya hunspell -d sw_TZ -l, inayotoa maneno yasiyotambuliwa tu, juu ya orodha ya majaribio. Ilirudi tupu. Tukageuza, tukaipa orodha ya makosa ya makusudi (anala, hajakula, anakuila), nayo ikatoa yote isipokuwa hajakula. Hiyo tumeiacha ipite, kwa sababu nusu ya waliokuwepo kikaoni walikiri ndivyo wanavyosema. Mwalimu ameandika neno moja: "Haya."

"Hapendi" na "asipende" tumezitatua kwa njia kama hiyo: shina "pendi" na shina "pende" yameingia na alama ya NEEDAFFIX, maana yake peke yake hayakubaliki mpaka yapate kiambishi. Vitenzi kama safiri na samehe havibadiliki mwishoni, vimepona.

Juni, katikati

Mapendekezo ya marekebisho. Kwenye .aff kuna REP, ambapo unaiambia programu makosa ya watu wako: REP z dh, REP s th, REP g gh, REP l r, REP r l. Sasa ukiandika "zambi" unapendekezewa "dhambi", na "selasini"… hapana, hiyo inataka hatua mbili, bado haifiki.

Watu wanaomba tukamate "mahari pazuri" na "kupiga kula". Haiwezekani hapa. Mahari ni neno, kula ni neno, na Hunspell inaangalia neno moja moja bila kujua jirani yake. Hiyo ni kazi ya kikagua sarufi kama LanguageTool, nacho ni huria. Si ya mwaka huu. Nimefunga maombi hayo yote kwa jibu moja, tafadhali msiyafungue tena.

Juni, mwishoni

Tumempa mwenzetu wa Bukavu haki ya kuunganisha michango kwenye tawi kuu. Hatukufanya hivyo kwa haraka, na kuna aliyesema tunaogopa bure, hii ni kamusi tu.

Nilimkumbusha habari ya xz. Ni programu ya kubana faili, iliyomo karibu kila mahali palipo na Linux. Mtunzaji wake alikuwa amechoka, akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa muda mrefu mpaka akapewa funguo. Machi 2024, Andres Freund alikuwa anapima jambo lingine kabisa akaona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya mzigo ilikuwa imefichwa ndani ya faili za majaribio zisizosomeka kwa macho.

Kamusi haifungui mlango wa seva ya mtu. Lakini uchovu wa mtunzaji naujua. Kwa hiyo mambo mawili yameingia kwenye mwongozo wetu. Hatupokei faili isiyosomeka kwa macho: hakuna zip, hakuna lahajedwali, orodha iwe maandishi matupu. Na mwenye funguo haunganishi mchango wake mwenyewe, awe nani. Hilo la pili limenibana mimi kwanza.

Julai

Toleo 0.3 limetoka kama kiendelezi cha .oxt, kifurushi cha kuongezwa kwenye LibreOffice. Ukikifungua ni zip ya kawaida (sisi tunaruhusiwa, tumeifunga wenyewe kwa skripti iliyo wazi): faili zetu mbili, dictionaries.xcu inayotaja lugha, description.xml na manifest. Kiliposakinishwa kwenye kompyuta ya shule moja huko Tanga, malalamiko ya kwanza yalihusu majina ya watu. Kila jina jekundu. Majina tumeamua kutoyaingiza. Mtumiaji aongeze ya kwake kwa kubofya.

Hatua inayofuata ni kuipeleka kwenye hazina ya kamusi ya LibreOffice kupitia Gerrit, ambako kila mabadiliko hukaguliwa kabla ya kuingia. Huko sisi ndio tutakuwa wachangiaji wanaosubiri foleni. Mwanafunzi wa silabi moja ndiye atakayewasilisha.

Yaliyobaki wazi: "mu" ya mahali, "ni" ya mwishoni (nyumbani, njooni) inayogombania ile tamati moja na kirejeshi, na maneno ya kurudiwarudiwa kama tembeatembea.

Mwenzetu wa Bukavu amefungua tawi la Kiswahili cha Kongo, ambacho kwenye ISO 639-3 kina msimbo wake, swc, mbali na swh cha pwani. Tumekubaliana liwe faili tofauti, si kama hange-. Kule watu ni batu na wanasema ni banasema, na tukichanganya, mtoto wa Tanga aliyekosea herufi hatakamatwa. Mkaguzi wa tawi hilo anatafutwa, awe anakiandika Kiswahili cha Kivu au cha Lubumbashi kila siku. Mistari yake ya kundi A imeshafika 60 na hakuna mwingine aliyeisoma.